Taa ya Mvuvi na Taa ya Mwalimu

Mtu akisimama ufukoni Mbita katika usiku usio na mbalamwezi, akatazama upande wa kisiwa cha Rusinga na maji yaliyo mbali zaidi, huona mji ambao mchana haukuwapo. Taa nyingi zimejipanga juu ya Ziwa Viktoria kana kwamba huko kuna njia, nyumba na soko. Mji huo ni wa wavuvi wa omena. Hungoja giza, huwasha taa zao juu ya maji, na samaki wale wadogo huifuata nuru makundi kwa makundi. Wakisha kukusanyika, wavu huvutwa. Omena hakosei kuipenda nuru, maana nuru ni kitu chema; kosa lake ni kutojua kwamba si kila taa huwashwa kwa faida ya aionaye.

Nimeikumbuka taa hiyo mara nyingi tangu vyombo vyenye nuru vilipoingia madarasani mwetu. Mwalimu naye siku hizi huwasha kioo chenye rangi, na nyuso za watoto humgeukia zote pamoja. Jambo hili hupendeza kulitazama. Lakini mtu mwenye kufikiri hana budi kujiuliza: je, watoto hawa wanaangaziwa au wanavuliwa? Hili ndilo swali la insha hii. Je, ni halali mwalimu kujifunza sanaa ya kulifanya somo lake livutie? Na kama ni halali, mpaka wake uko wapi?

Kwanza tuyaweke wazi mambo yalivyotukia. Mwaka 2013 serikali ya Kenya iliahidi kwamba watoto wanaoingia darasa la kwanza watapewa kompyuta. Ahadi hiyo ilibadilika umbo njiani, na mwaka 2016 vishikwambi vilianza kugawanywa katika shule za msingi za umma. Kwa miaka michache iliyofuata idadi yake ilipita milioni moja, navyo vilifika katika shule zaidi ya 20,000. Mwaka 2017 ulitolewa mwongozo wa mtaala mpya, na ndani yake ujuzi wa vyombo vya kidijitali ulihesabiwa miongoni mwa umilisi saba ambao kila mtoto apaswa kuupata. Kisha Machi 2020 ugonjwa wa Uviko-19 ukazifunga shule zote, na masomo yakatafuta njia ya redio, televisheni na simu. Walimu wengi ambao walikuwa hawajapata kuunda hata ukurasa mmoja wa picha walijikuta wakidaiwa kufundisha kwa kioo.

Hivyo chombo kilitangulia, na ufundi ukafuata nyuma ukichechemea. Katika shule kadhaa vishikwambi vilifungiwa makabatini, kwa hofu ya wezi, kwa kukosa umeme, au kwa sababu nyepesi zaidi kuliko hizo, yaani hapakuwa na mtu aliyejua afanye nini navyo baada ya kuviwasha. Mwalimu alifundishwa namna ya kukifungua chombo. Hakufundishwa namna ya kulijenga somo ndani yake. Ni sawa na kumpa mtu mbao za mvule, misumari na pamba ya kalafati, kisha kumwambia avuke mpaka Mfangano.

Sasa walimu wengi wanajifunza ufundi huo. Hujifunza ni picha gani iwekwe na ipi iachwe. Herufi ziwe na ukubwa gani ili mtoto wa nyuma azione. Rangi itumike wapi. Swali lije kabla ya jibu kwa kitambo gani. Ni elimu ya usanifu, kama ile ya mjenzi na mshonaji. Wako watu wanaoisifu bila kipimo, na wako wanaoidharau. Haki yataka tuwasikilize wote wawili.

Wanaoidharau wana hoja yenye nguvu, nayo ni ya kale. Plato, mwanafalsafa wa Uyunani, katika kitabu chake kiitwacho Gorgias, alimfanya Sokrate awalinganishe tabibu na mpishi wa vitu vitamu. Kama wawili hao wangeshindana mbele ya watoto juu ya nani ajuaye chakula kilicho bora, watoto wangempa mpishi ushindi, na tabibu angekufa kwa njaa. Kwa maneno mengine, apendezaye hushinda hata kama hafai. Basi mwalimu akishika kazi ya kupendeza, ataacha kazi ya kuponya. Atawapa watoto kile wanachokitaka leo, na kesho watakosa kile walichokihitaji. Wazee hawa huongeza kwamba elimu ni jasho, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtoto aliyezoeshwa kuinuliwa kitanda ili asiiname hatajua kuinama siku atakapokuwa peke yake.

Siwezi kuwacheka wasemao hivyo. Nyuma ya maneno yao kuna heshima kubwa kwa mtoto, yaani imani kwamba aweza kubeba mzigo mzito. Walakini hoja yao ina tundu. Yachukulia kwamba somo likiwa kavu basi ni dawa. Si kila kichungu ni dawa. Kuna uchungu wa shubiri, na kuna uchungu wa chakula kilichoungua kwa uzembe wa mpishi. Mwalimu anayesoma daftari lilelile la miaka 15 huku watoto 60 wakisinzia hawazoeshi kuinama. Anawazoesha kulala.

Tena tuulize, hasara ya somo bovu humwangukia nani? Mtoto wa mwenye mali akikosa kuelewa darasani, baba yake atamtafutia mwalimu wa jioni. Mtoto wa ufukoni, aliyeamka alfajiri kumsaidia mama yake kuanika omena kabla ya kwenda shule, hana mwalimu wa pili. Saa ile moja ya darasani ndiyo fungu lake lote. Ikipotea, hakuna wa kumlipa. Kwa hiyo ufundi wa kuunda somo si anasa ya shule zenye mali. Ni deni ambalo mwalimu adaiwa zaidi na yule asiyeweza kulidai.

Wala si jambo geni. Mwaka 1658 mwalimu mmoja wa nchi za Ulaya, jina lake Comenius, alitoa kitabu cha watoto kiitwacho Orbis Pictus, ambacho ndani yake kila jambo lilielezwa pamoja na picha yake. Alitaka macho yaende sambamba na maneno, ili mtoto asikariri jina la kitu ambacho hakupata kukiona. Na hapa kwetu, tangu mwaka 1998, mradi wa kuimarisha hisabati na sayansi ulioanzishwa na serikali za Kenya na Japani, uliojulikana kwa jina la SMASSE, uliwafundisha walimu wa sekondari kubuni zana kwa vitu vilivyopo, na kuliendea kila somo kwa hatua nne: panga, tenda, tazama, rekebisha. Hapakuwa na vishikwambi wakati ule. Chupa, kamba na kipande cha ubao vilitosha. Nimetaja hayo ili ijulikane kwamba usanifu wa somo ulikuwapo kabla ya umeme, na utakuwapo hata umeme ukikatika.

Sasa nitaeleza jambo nililoliona mwenyewe, maana hoja bila mfano ni kama mtumbwi bila kasia. Nilipata kuketi nyuma ya darasa la Gredi ya 6 katika shule moja iliyo karibu na ziwa. Mwalimu wa hisabati, mwanamke kijana, alikuwa ametoka mafunzo ya likizo, naye alikuwa na shauku ya kuonyesha alichokipata. Somo lake lilikuwa juu ya kuongezeka kwa maradufu. Alichagua mfano wa gugumaji, mmea ule uliotoka Amerika ya Kusini na ambao kuanzia miaka ya 1990 umeisumbua Ghuba ya Winam, ukifunga njia za mitumbwi na kuzinasa nyavu. Katika maji yenye rutuba na joto, eneo lake laweza kuongezeka maradufu kwa muda wa kama wiki mbili.

Mfano ulikuwa mwema. Lakini mwalimu alikuwa ameupamba. Kila gugumaji lilipoongezeka, chura wa kijani aliruka kutoka jani hadi jani na kuimba. Mawingu yalipita, nyota zikapasuka, muziki ukalia. Watoto walipiga makofi mpaka darasa la jirani likachungulia dirishani. Mimi pia nilicheka. Siku ya pili mwalimu aliwaambia waandike walichojifunza. Aliniruhusu kuzisoma karatasi zile. Nyingi zilimweleza chura kwa ustadi mkubwa: rangi yake, wimbo wake, namna alivyoteleza. Juu ya maradufu, wengi hawakuandika neno.

Mwalimu huyo angeweza kuwalaumu watoto. Angeweza pia kukilaumu chombo na kukirudisha kabatini. Hakufanya mojawapo. Majuma mawili baadaye aliniita tena. Safari hii kioo kilikuwa na mraba mtupu wenye vyumba 32 kwa 32, yaani vyumba 1,024, na chumba kimoja tu kilikuwa na rangi ya kijani. Hapakuwa na muziki. Kabla ya kugusa kitu alisema: "Huu mraba ni ghuba yetu. Leo gugumaji lina chumba kimoja. Kila baada ya wiki mbili litaongezeka maradufu, na wiki ya 20 ghuba yote itajaa. Andikeni: itajaa nusu wiki ya ngapi?"

Karibu wote waliandika 10. Ndipo akaanza kugusa kioo polepole: viwili, vinne, vinane, 16. Ilipofika wiki ya 10 akasimama. Vyumba 32 tu vilikuwa vya kijani, yaani mstari mmoja wa chini. Ghuba yote iliyosalia ilikuwa nyeupe. Darasa likanyamaza. Mvulana mmoja akanyosha mkono akasema, "Mwalimu, chombo kimeharibika." Mwalimu hakumjibu, aliwaambia wachukue kalamu wahakikishe wenyewe. Wakahesabu, wakabishana, wakafuta, wakahesabu tena. Hatimaye wakaona kwamba nusu, yaani vyumba 512, hujaa wiki ya 18. Msichana mmoja, binti wa mvuvi, akasema kwa sauti ndogo: "Kwa hivyo, Mwalimu, tukianza kulalamika kwamba nusu imejaa, tumebakiza wiki mbili."

Maneno yale hayakuwa ndani ya chombo, wala hayakuwa katika kitabu cha mwalimu. Mtoto aliyazaa mwenyewe, kwa sababu somo lilikuwa limeundwa kwa namna iliyomwachia nafasi ya kuyazaa. Kipindi kilipokwisha, mtoto mwingine aliuliza, "Mwalimu, chura yuko wapi leo?" Mwalimu alicheka, lakini niliona kwamba swali limemchoma. Alikuwa amekiacha kitu kilichopendwa ili apate kitu kilichofaa. Hakuna mwalimu mwema asiyeyajua maumivu hayo.

Kutokana na masomo hayo mawili nimejifunza kupambanua baina ya pambo na umbo. Pambo husema, "Nitazame mimi." Umbo husema, "Litazame jambo." Chura aliyavuta macho yakabaki kwake, mraba uliyavuta macho ukayapeleka mbele, kwenye maradufu, kwenye ghuba, kwenye maisha ya wavuvi. Vyote viwili vilivutia. Tofauti haikuwa katika kuvutia bali katika mahali macho yalipoishia.

Nenda Dunga, karibu na mji wa Kisumu, ukazitazame mashua zilizovutwa pwani. Mashua hupakwa rangi na kuandikwa majina, nazo hupendeza. Lakini hakuna mvuvi achaguaye mashua kwa rangi. Huinama akautazama mkuku, akazigonga mbao, akauliza habari za kalafati. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Watu wengi huutumia usemi huo kusifu bidii. Mimi nauona pia kuwa onyo: kinachokifanya chombo kielee aghalabu hakionekani. Somo la pili la mwalimu yule lilionekana la kimaskini kuliko la kwanza, na kumbe lilikuwa limeundwa zaidi. Ilimgharimu kuondoa vitu 10 ili abakize kimoja, na kuondoa ni kazi ngumu kuliko kuongeza, kwa kuwa aondoaye hasifiwi.

Hapa mtu aweza kuniuliza: je, wataka mwalimu wa watoto 60, mwenye madaftari ya kusahihisha na mshahara usiotosha, awe pia msanifu? Swali hili ni la haki, nami sitalikwepa. Si adili kumtwika mtu kazi ya fundi bila kumpa muda wa fundi. Anayenunua vyombo kwa fedha nyingi na kuyanunulia mafunzo kwa makombo, ameipenda taa kuliko macho. Walimu wakipewa saa za kupanga pamoja, kujaribu, kutazamana na kurekebishana, wataunda masomo mema hata kwa chombo kimoja kinachopitishwa mkono kwa mkono. Wasipopewa, vyombo 100 vitakuwa vyura 100.

Lakini lipo sehemu la wajibu huu lisilohitaji fedha. Ni ujasiri wa kuuliza baada ya kila somo: watoto wameondoka na nini? Mwalimu yule hakupata chombo kipya kati ya somo la kwanza na la pili. Alichokipata ni karatasi za watoto, naye alikubali kuzisoma kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. Unyenyekevu huo ndio mwanzo wa usanifu wote. Na pengine utamwongoza kukizima chombo kabisa, maana yako mambo ambayo hufundishwa vyema zaidi kwa kuwapeleka watoto ufukoni na kuwaacha watazame.

Sasa nina neno kwenu ninyi vijana mnaosoma kurasa hizi. Msidhani kwamba jambo hili ni la walimu peke yao. Mwaka 2017 wasichana watano wa shule ya sekondari ya Kisumu Girls walikwenda California kushiriki katika mashindano ya teknolojia ya Technovation. Walikuwa wameunda programu ya simu iitwayo i-Cut, ya kuwasaidia wasichana walio katika hatari ya kukeketwa, na wale waliokwisha kukeketwa. Mwaka 2019 waliingia katika orodha ya mwisho ya waliofikiriwa kupewa Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Hawakuchagua jambo la kupendeza; walichagua jambo ambalo watu wazima wengi hulipita wakigeuza uso. Usanifu wao ulikuwa na thamani kwa sababu ulimwelekea mtu mwenye shida, na mkono wake ukaoneshwa mahali pa kugusa ili apate msaada. Hao ni wanafunzi walioacha kuwa watazamaji wa taa wakawa wenye kuiwasha.

Nanyi mkiwa mbele ya kioo, cha mwalimu au cha simu zenu, jiulizeni swali lile ambalo omena hawezi kujiuliza: nuru hii imewashwa kwa faida ya nani? Kama yataka macho yenu tu, ni taa ya mvuvi, hata iwe na rangi nzuri namna gani. Kama yawaelekeza kwenye jambo, ikawaachia kazi ya kufanya, ikawa radhi mwisho kusahauliwa, ni taa ya mwalimu.

Kuna kipimo kingine rahisi kuliko hicho. Kunapokucha, taa za Mbita huzimwa moja baada ya moja. Mvuvi hurudi na samaki, na katika samaki wale hakuna hata mmoja anayeondoka na cheche ya ile nuru aliyoifuata. Kioo cha darasani nacho huzimwa kengele ikilia. Mtoto wa ufukoni hukusanya daftari lake, akashika njia ya kwao kando ya maji, na huko mbali gugumaji linaelea kijani kibichi. Akisimama akalitazama, akaanza kuhesabu kwa vidole wiki zilizobaki, basi taa imezimwa lakini nuru imekwenda naye.